Ubao wa Mbayuwayu: Kutoka Ruiru Hadi Thika na Kurudi

Tuliokuwa kwenye habari hii ni wanne. Mimi Wangari. Njeri, mke wa ndugu mdogo wa mume wangu, niliyekuwa nikichota naye maji kila siku. Tata Wairimu, shangazi ya waume zetu na mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama pale Ruiru. Na Mama Jayanti wa Thika, Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye hatukuwa na undugu naye wowote mpaka siku ile. Mjukuu wangu Wambui, ambaye pamoja na wenzake anafundisha watu wa Mwihoko waachie ndege nafasi kwenye maghorofa yao, ndiye aliyeniambia, "Cucu, andika ile ya ubao." Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini majina sijasahau.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikikaribia kuisha. Kikundi chetu kiliambiwa kwamba Jumamosi kutakuja mkaguzi wa usafi, na kijiji kitakachoshinda kitapewa cherehani. Basi tukapaka nyumba chokaa, na kabla ya kupaka tukaangusha viota vya mbayuwayu kwa vijiti vya ufagio, kwa sababu vinachafua ukuta. Mimi mwenyewe niliangusha vinne. Siku tatu nikawaona wale ndege wakirudi na matope mdomoni, wakibandika kwenye chokaa mbichi, matope yakianguka. Wanabandika, yanaanguka. Nilishindwa hata kula nikiwatazama.

Kikabaki kiota kimoja tu, ndani ya baraza la ukumbi wetu, kina makinda manne. Tata Wairimu akasema, "Ijumaa jioni hicho nacho kinashuka. Siwezi kukosa cherehani kwa sababu ya mavi ya ndege." Shangazi ya mume habishiwi. Nilisema tu, "Tata, nikileta njia ya kuweka baraza safi na ndege wakiwepo?" Akasema, "Mpaka Ijumaa jioni."

Njia yenyewe sikuwa nayo. Ila Njeri alikuwa amefanya kibarua Thika, na aliwahi kuona duka lenye viota na veranda inayong'aa.

Alhamisi alfajiri tulienda kwa mzee Kariuki, mkubwa wa kijiji, kuomba pasi, maana wakati ule wa Hali ya Hatari huwezi kutoka kijijini bila karatasi.

"Mnaenda Thika kufanya nini?"

"Kuangalia ndege," Njeri akasema.

Mzee Kariuki akaweka kalamu chini. "Nimeandika pasi ya mazishi. Nimeandika ya hospitali. Ya ndege sijaandika, na leo sianzi." Akaandika kwamba tunaenda kununua chokaa, na turudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo ikawa lazima turudi na chokaa, tutake tusitake.

Saa mbili asubuhi tulipanda gari la moshi. Nje ni mkonge, mkonge, halafu mkonge tena. Njeri alilala, mimi nilipanga kichwani nitakavyomwambia Tata nikirudi mikono mitupu.

Thika tulifika jua likiwa limeshika. Duka la Mama Jayanti lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko. Chini ya paa la veranda palikuwa na viota saba, na chini ya kila kiota ubao mdogo uliopigiliwa ukutani, umetandikwa gazeti kuukuu. Sakafu, ungeweza kulia chakula hapo.

Mama Jayanti alikuwa akimwaga mawele kwenye sinia kwa ndege wengine, njiwa na shore. Bado yeye mwenyewe hajanywa chai. Njeri akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata mtu wa ng'ambo angesikia, "Huyu analisha ndege kabla ya mume?"

Mama Jayanti hakugeuka. "Bwana nafungua kabati mwenyewe. Ndege hapana weza."

Tukacheka sote watatu, na hapo undugu ukaanza. Nilimweleza habari ya chokaa na vijiti vya ufagio, hata vile vinne vyangu. Aliweka sinia chini. Kisha akasema, "Wewe vunja nyumba yake, yeye leta matope tena, ukuta chafu zaidi. Wewe weka ubao, badilisha gazeti, kwisha maneno. Na nzi yote nakula yeye." Akatuonyesha kwa mkono wake jinsi ubao unavyokaa mbali na kiota, akatupa ubao mmoja wa sanduku la chai. Tukataka kumlipa, akakataa. "Lipa hii: fundisha mama yote kwenu."

Saa nane tulifika stesheni na mfuko wa chokaa, gari la moshi limekwenda. Tukashika barabara kwa miguu, ubao kichwani kwangu, chokaa kichwani kwa Njeri. Tulipokaribia mto Ndarugu, dereva wa lori la mawe, Mkamba anayeitwa Mutua, akasimama. "Mama, hiyo ni meza au mlango?" Nikamwambia ni sahani ya ndege. Alicheka mpaka Ruiru, lakini alitufikisha saa kumi na moja na nusu.

Ijumaa asubuhi tulipigilia ubao. Hapo tukabishana: kutoka kwenye kiota ni shibiri moja, au ni mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole? Tukaweka shibiri. Ndege wakaja, wakauona ubao, wakageuka. Wakaja, wakageuka. Mpaka mchana makinda yalikuwa yakilia kwa sauti nyembamba. Tata Wairimu alikuja akasimama pale. "Mimi ningeyaangusha mara moja. Wewe unayaua kwa njaa."

Maneno hayo yaliniingia. Niliomba nyundo, nikang'oa ubao, nikashusha kwa kipimo cha mkono wangu mzima. Tukakaa chini sote, na Tata, tukitazama juu. Ndege mmoja akazunguka baraza mara mbili, akaingia. Midomo minne ikafunguka. Na ni Tata Wairimu, si mimi, aliyepiga kigelegele.

Jumamosi mkaguzi alikuja, Bi Ruth. Akauliza ule ubao ni wa nini. Kabla sijafungua mdomo, Tata alikuwa ameshaanza kumfundisha, kama aliyezaliwa nao, "na usiweke shibiri, Bi Ruth, wataogopa!" Cherehani ilikwenda kijiji kingine. Lakini Tata alizunguka vikundi vya akina mama mpaka Githurai na fimbo yake, akipimia ukutani kwa mkono, na mwaka uliofuata nyumba yangu ilikuwa na viota viwili juu ya chokaa kavu.

Nilichojifunza, ndege hahitaji mahali pakubwa. Anahitaji mkono mmoja.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Nasema ni Njeri aliyesema shibiri, lakini Njeri amelala Ruiru na hawezi kunijibu. Watoto wake, kama mama yenu aliwaambia ni mimi, njooni mniambie. Nitakubali.