Komwe na Ndoo ya Maji

Kilichoninyima usingizi wiki ile haikuwa ile barua ya usaili niliyokuwa naisubiri tangu nimalize chuo. Ilikuwa mikono yangu. Je, ikitetemeka mbele ya watoto?

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa anatimiza miaka kumi na mitatu. Alinikuta uani nikijifunza mazingaombwe kwenye simu, maana kijana mwenye shahada na asiye na kazi lazima atafute la kufanya na siku zake. Kabla sijamkataza, alikuwa ameshalitangazia darasa zima kwamba mjomba wake anapoteza vitu mkononi na kuvirudisha.

"Nimeshawaambia, mjomba," alisema. "Wasipoona, Jumatatu sina pa kuweka uso."

Nikakubali, kisha nikaanza kuwaza. Nikiharibu, atachekwa yeye, si mimi. Nikifaulu mno, nitaitwa mchawi. Sherehe ilikuwa ifanyike Isevya, hapa Tabora mjini, nyumbani kwa bibi yake mzaa baba, na bibi alishanihoji: "Hayo mazingaombwe yako yanaanza na bismillahi, au yanakuja hivihivi?" Niliwaza kuku watakaopita katikati. Niliwaza upepo. Niliwaza moshi wa udi wa bibi utakavyonipalia nikiwa nasema maneno ya kufungulia.

Nilikuwa nimejifunza mambo mawili. La kwanza lilikuwa la komwe, ile mbegu ngumu ya kijivu inayotumika kuwa kete ya bao. Bao la nyumba ile lilikuwa la babu yake shemeji, na komwe zake zilitoka pwani, maana mmea wenyewe hauoti kwetu. Zilifika Tabora na watu waliokuja kwa miguu, mizigo kichwani. Unaiweka komwe kiganjani, unafumba, unafumbua, haipo. Hakuna kifaa wala mfuko wa siri, ni vidole tu. Na vidole vyangu vikiingiwa na hofu hutoka jasho na kucheza kama vya mgonjwa wa malaria. Nikaiacha komwe.

La pili lilikuwa koti. Niliazima la shemeji, na ndani ya mkono wake nikashindilia maua ya karatasi laini, mekundu na ya manjano, yaliyofungwa kwa uzi. Ukivuta uzi, bustani inatoka hewani. Koti halitoki jasho. Nikaweka tumaini langu lote kwenye koti.

Jumamosi alasiri watoto wakaanza kufika, wengine kwa baiskeli, wengine wamejazana kwenye bajaji moja, wakampita bibi barazani na shikamoo zao za mfululizo, naye akiitikia marahaba moja kwa watatu watatu. Pilau ililiwa. Mimi sikula. Nilikuwa narudia mpango kichwani: mazingaombwe kwanza, keki baadaye. Nilikuwa nimepanga kila kitu, isipokuwa jambo moja ambalo hata mtoto wa chekechea analijua: mwenye bethidei humwagiwa maji. Na hatangaziwi saa, kwani utamu wake ni kushtukizwa. Mimi mwenyewe nimeloweshwa mwaka baada ya mwaka, na bado katika mawazo yangu yote ya wiki ile, maji hayakuwamo.

Nilimwita mpwa wangu asimame kando yangu, anishikie kofia. "Tazameni hewani," nikawaambia wageni, nikainua mkono wa koti. Wakatazama hewani, wote, kwa utii wa ajabu. Ndipo dada yangu alipotoka mbio jikoni na ndoo.

Maji yalimpata mpwa wangu, yakanipata na mimi, kuanzia utosini. Uani kukalipuka vigelegele. Sikujua la kufanya, nikavuta uzi. Uzi ukatoka peke yake. Kisha ikaja rangi. Ilianzia kwenye kifundo cha mkono, ikateremka vidoleni, nyekundu tupu, ikawa inadondoka mchangani.

"Damu!" mtoto mmoja akapiga ukelele.

"Damu wapi, rangi hiyo! Kaficha vitu kwenye koti!" Huyo alikuwa mvulana mrefu mwenye jezi, wa darasani kwao. "Halafu mchawi gani analowa? Si angejua maji yanakuja?"

"Mwacheni jamani," bibi akasema kutoka kitini kwake. "Hata wachawi wanaoga."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mpwa wangu hakucheka. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kope, na kofia ameikumbatia kifuani.

"Mjomba," akasema kwa sauti ndogo, "ndo basi?"

Nikavua koti. Nikaugeuza mkono wake ndani nje, wakaliona lile tope la karatasi. "Mmenikamata," nikawaambia. Nikakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, nikaomba komwe moja kutoka kwenye bao la barazani. Mwenye jezi ndiye aliyeileta. Aliikagua kwanza, akaing'ata, akanipa.

Mikono yangu ilitetemeka kwelikweli.

"Masikini, anko anasikia baridi," msichana mmoja akasema.

Baridi! Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa chepechepe, na hapakuwa na wa kujua jasho ni lipi na maji ni yapi. Nikajikuta nacheka mwenyewe, na nilipocheka, vidole vikalegea.

Nikaweka komwe kiganjani, nikafumba. Nikamwambia mpwa wangu apulize, akapuliza kwa nguvu zote. Nikafumbua. Haipo. Mwenye jezi alipofungua mdomo kudai niufumbue mkono wa pili, nilikuwa nimeshaupeleka nyuma ya sikio lake, nikaichomoa komwe mbele ya macho yao.

"Wallahi!" Bibi alikuwa amesimama.

Mvulana akabaki amejishika sikio. Mpwa wangu akamsogelea, akamchungulia. "Tafuta vizuri, labda na zile hesabu zilizokushinda jana zimo humo."

Sasa kicheko kilikuwa cha kwake. Na mara wakaanza, kwanza mmoja, kisha wote, wakipiga makofi: "Tena! Tena! Tena!"

Yule bwana anayefundisha mazingaombwe kwenye simu husisitiza usirudie jambo lilelile kwa watu walewale, kwani mara ya pili hawatazami uso wako, wanatazama mkono. Bibi alishasogeza kiti chake karibu. Mwenye jezi alikuwa amechuchumaa ili aone kwa chini. Sababu za kukataa zilikuwa nyingi, na zote nzuri.

Mpwa wangu akaivaa ile kofia iliyolowa, akawapanga wenzake kwa viganja. "Kaeni chini, wa nyuma waone. Mjomba wangu anarudia."

Hakuniuliza. Nikanyoosha kiganja, maji bado yanadondoka, nikaanza upya.