Walimchelewesha Mama Kuzikwa kwa Sababu ya Uongo Wangu

Admin, naomba unifichie jina. Dada yangu anatumia simu ya kitochi na haingii mitandaoni, ndiyo maana nimethubutu kuandika.

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Mbagala. Tumezaliwa wawili tu, mimi na dada aliyenizidi miaka kumi na moja. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, mama akatulea kwa kuuza vitumbua. Nilipomaliza chuo niliajiriwa na kampuni moja ya usambazaji kule Mikocheni, na baada ya miaka minne nikawa msimamizi wa kitengo. Kazi yangu ilikuwa kupanga: gari hili lisubiri, mzigo ule uondoke kesho, kikao kisogezwe. Nilikuwa na kiburi na kazi ile, siwezi kuwaficha. Kisha nikaona haitoshi. Nikaacha kazi nikaenda Uturuki kusoma shahada ya pili ya biashara ya kimataifa.

Majirani walisema nimeichezea riziki. Mama akawajibu, "Mwacheni akasome, kazi ataikuta." Lakini siku ya kuniaga alinishika mkono akasema, "Mie nikifa utaniosha wewe na dada yako. Sitaki mikono ya watu." Nikamwambia mama aache uchuro, tuagane kwa heri.

Mwaka wa pili, Jumanne asubuhi, dada akanipigia. Mama alianguka alfajiri akitawadha, na kabla hawajafika hospitali alikuwa ameshakata roho. Nililia mpaka sauti ikakauka. Kwetu sisi Waislamu wa pwani maiti hailazwi. Akifa asubuhi, alasiri anazikwa. Dada akaniuliza, "Mdogo wangu, tukusubiri au tumsitiri mama leo leo? Mjomba anataka alasiri." Nikasema nisubirini, mama aliniusia nimwoshe.

Sasa hapa ndipo penye siri yangu. Ndege ilikuwepo jioni ile ile na nafasi zilikuwepo, niliziona kwa macho yangu. Lakini Jumatano asubuhi nilikuwa na presentesheni niliyoiandaa miezi mitatu, na watu wa makampuni walikuwa wanakuja kusikiliza ili wachague wa kuwaajiri. Nikapiga hesabu kama nilivyozoea ofisini. Niongee Jumatano asubuhi, niruke jioni, Alhamisi mapema nipo nyumbani. Nikamwambia dada, "Leo ndege zimejaa, nimepata ya kesho." Nilimsogeza mama yangu kama ninavyosogeza kikao.

Dada alikwenda kumkabili mjomba peke yake. Nimesimuliwa kwamba mjomba alimwambia, "Maiti haisubiri cheti. Huyo mtoto dini ameiacha uwanja wa ndege?" Dada akapiga magoti mbele ya watu, akasema wasia wa mama ni wasia. Mama akapelekwa mochwari.

Presentesheni niliifanya, tena vizuri. Walinipigia makofi nami nikatabasamu, huku mama yangu yuko kwenye jokofu. Nikilikumbuka lile tabasamu najichukia. Jioni ndege ikachelewa, nikaikosa ya kuunganisha, na Alhamisi mchana mjomba akasema basi, hasubiri tena. Nilifika Mbagala saa kumi na moja jioni, nikakutana na wanaume wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta kanzu zao.

Dada ndiye aliyemwosha mama, akisaidiwa na majirani wawili. Mwoshaji hasemi alichokiona kwenye mwili wa marehemu, hata kwa ndugu. Nilimuuliza dada, mama alikuwaje baada ya siku zile za kusubiri. Akasema, "Alikuwa mzuri," akaendelea kuchambua mchele bila kunitazama. Sijamuuliza tena.

Tangu siku ile mjomba haitikii shikamoo ya dada. Hitma ya arobaini hakuja. Mtaani wanamwita aliyemlaza mama yake, na kila wakinigusa mimi dada ananitetea: "Mwenzenu alikosa ndege, mlitaka aote mabawa?" Hajanilaumu hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Nilirudi chuoni kumalizia, na wiki iliyopita nimekuja likizo. Kampuni moja kati ya zile za siku ile imenipa kazi, naanza nikihitimu. Nilitaka kumwambia dada habari hiyo, nikashindwa, maana ningelazimika kusema waliniona wapi na siku gani.

Juzi akanijia na furaha ambayo sijaiona tangu msiba. Wazee wamemsuluhisha na mjomba, na mjomba amekubali kumsamehe kwa sharti moja. Ijumaa baada ya swala twende wote wawili, nishike msahafu na niseme kwa kinywa changu kwamba Jumanne ile sikupata nafasi kwenye ndege. "Dakika moja tu, mdogo wangu," akaniambia. "Ukisema wewe yatakwisha. Nimechoka kupita pale kwa mjomba kama mwizi." Baibui langu ameshalipiga pasi.

Ndugu zangu, kuapa uongo kwa msahafu siwezi, nishatenda ya kutosha. Nikisema kweli, mjomba atajua dada hakuwa na kosa, lakini dada naye atajua alipiga magoti kwa ajili ya nini, na yale aliyoyaona wakati wa kumwosha mama yalitokana na nini. Nikikimbilia chuoni kabla ya Ijumaa, atabaki na aibu yangu maisha yake yote.

Nishaurini nifanye nini, wenye dada nyumbani mnijibu kwanza. Msiniambie Mungu ni mwingi wa rehema, hilo nalijua. Niambieni, kama mimi ningekuwa mdogo wako, na wewe ndiye uliyemwosha mama, ungeweza kula nami tena sahani moja?