Namba Sita Zilizokuwa za Adela

Katika siku zote nilizoishi Muleba, ninayoikumbuka zaidi ni siku niliyosoma namba sita kwa sauti nikajiona mtu wa maana. Mwanangu, nisikilize polepole. Jambo lenyewe ni dogo, na madogo ndiyo huingia ndani bila kupiga hodi.

Shule niliiacha darasa la tano, miguu ikiniwasha. Nilipakia magunia ya kahawa Bukoba, nikavua dagaa visiwani, nikapika chai kwa mafundi wa barabara, hadi nikaangukia kazi ya usafi katika tawi moja la benki. Nilikuwa nimevuka thelathini, lakini akili ilikuwa bado ya mtoto anayefungua redio amtafute anayesemea ndani.

Wakati huo benki ilikuwa imeleta utaratibu mpya. Mfanyakazi akiandika neno lake la siri kwenye kompyuta, haimfungukii mpaka namba sita zije kwenye simu yake, naye aziandike kabla muda haujaisha. Utaratibu mzuri kabisa. Tatizo lilikuwa kuta zetu nene. Mtandao haukuingia ndani. Simu zilishika nyuma ya jengo tu, pembeni ya tangi la maji, karibu na migomba ya jirani. Basi watu wakawa wanatoka mbio na kurudi mbio, wakifika muda umekwisha, wanaanza upya, na wateja wananung'unika.

Nikajitolea. Niliweka kreti la soda pale kwenye tangi, nikapanga simu zao kwenye sinia, kila moja na kipande cha plasta chenye jina. Namba ikiingia, naisoma kupitia dirishani. Wakanibatiza Mnara.

"Mnara, umelala? Wateja wananitolea macho huku!"

"Vumilieni, leo kuna mawingu!"

Tulicheka sana. Ta Rwegasira, mlinzi wetu, mzee wa Kimwani, hakucheka. Aliniuliza mara moja tu, "Hao watu hawana miguu?" Nikadhani ananionea wivu.

Sasa siku yenyewe. Adela, binti wa dirisha la kwanza, alitoka kwenda kula mchana. Nilimwona kwa macho yangu akipita getini, simu ameniachia. Dakika chache baadaye simu yake ikalia: namba sita. Sauti ya mwenzake wa dirisha la pili ikanijia kutoka ndani, "Mnara, nisomee ya Adela, ameniagiza." Nikasoma. Ningependa kukuambia sikujiuliza. Nilijiuliza, mwanangu, ila niliona swali lile litanipotezea sifa.

Siku tatu baadaye akaja mama mmoja mjane, analalamika kwamba simu yake haipokei tena ujumbe wa benki. Walipoangalia, namba yake ya simu ilikuwa imeondolewa, ikawekwa ya mtu asiyemjua. Akiba yake ilikuwa bado salama. Lakini kompyuta ilisema aliyebadilisha ni Adela.

"Meneja, sikuwepo! Nilikuwa nimekwenda kula!"

"Simu yako ilikuwepo," meneja alimjibu. Akamwambia wakaguzi wanakuja kesho kutoka Mwanza. Akikosa maelezo, kazi hana.

Maelezo ya nani aliyeomba namba ile nilikuwa nayo mimi peke yangu, nikanyamaza. Jioni nikafunga begi. Ndivyo nilivyozoea maisha: mahali pakiwaka moto, nahama. Ta Rwegasira akanikuta getini.

"Waitu, ndugu yangu, safari ya wapi?"

"Bukoba. Kuna kazi ya kupakia."

"Na Adela unamwachia nani?"

Sijui alijuaje. Labda uso wangu ulimwambia. Nikamweleza yote. Alisikiliza, akafuta miwani yake kwa shati.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema. "Umebeba jina la mtoto wa watu ukaliona jepesi. Mashine ilimwuliza Adela: ni wewe kweli? Ukaitikia wewe. Sasa ukiondoka, nani ataitika?" Kisha akasogea pembeni. "Nenda basi, geti liko wazi. Mimi silindi miguu ya mtu."

Sikwenda. Kama angenishika mkono ningemponyoka. Kwa vile aliniachia, nikashindwa.

Asubuhi niliwaambia wakaguzi kila kitu. Wakambana yule wa dirisha la pili hadi akakiri: neno la siri la Adela alikuwa amelichungulia tangu siku nyingi, akipungukiwa na simu tu, na simu ilikuwa kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Adela alibaki kazini, akapewa barua ya onyo kwa kuacha simu yake. Mimi niliachishwa kazi kabla ya saa sita. Tukakutana getini.

"Umenitoa kwenye shimo," aliniambia, "ila ulilichimba wewe." Akaingia ndani. Nikabeba begi langu, nikashika njia.

Mwanangu, wewe unayeanza kazi ya ofisi: namba inayokuja kwenye simu yako inakuuliza kama uko hapo wewe mwenyewe. Usimpe mwingine aijibu, hata rafiki, hata mkubwa anayepiga simu kwa haraka, hata kama mvua inanyesha na mtandao uko nyuma ya tangi. Toka, lowa, rudi. Na ukiombwa kumwitikia mwenzako, kataa, hata wakikuita mgumu. Sifa ya kupendwa na wote ina bei yake. Na ukishakosea, sema kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako. Mficha uchi hazai. Mimi kwa kuficha jioni moja nusura nimzike mtu akiwa hai.

Mungu akupe miguu isiyochoka kuyaendea yaliyo yako, na ulimi usioogopa kukiri. Jina walilokupa wazazi wako ulifikishe uzeeni likiwa zima.