Nguzo za Fausta kwenye Kona ya Gehandu

Magari yalimpenda Fausta. Kibanda chake cha chai kipo kwenye kona ya Gehandu, pale barabara inapoteremka kisha kukata ghafla kushoto, na kila dereva aliyeshindwa kukata aliingia kwake moja kwa moja, bila hodi.

La kwanza lilikuwa lori la alizeti. Lilibomoa ukuta wa mbele, likasimama juu ya jiko. Fausta alikuwa nje anamwaga maji machafu. Alimtoa dereva kwenye usukani, akamkalisha chini, akamuuliza kama anataka chai.

"Ipo?" dereva akauliza.

"Ilikuwepo. Umeikanyaga."

Iliyofuata ilikuwa pikapu ya kwaya iliyokuwa inawahi mashindano Katesh. Hakuna aliyeumia, na waliokuwepo wanasema sauti ya kwanza haijawahi kupanda vile. Theodory, mume wa Fausta, alijenga ukuta upya, kama alivyojenga baada ya lori, akasema tena ni mpango wa Mungu.

"Basi Mungu ajifunze kuendesha," Fausta akasema.

Akaenda kwa Tluway, fundi wa kuchomelea, akachukua mabomba mazito ya chuma yaliyong'olewa kwenye kisima kilichokauka. Wakachimba mashimo mbele ya kibanda, marefu kiasi kwamba Tluway alipoinama humo yalibaki makalio tu. Wakasimamisha mabomba, wakayashindilia zege chini, wakayajaza zege na ndani mpaka juu. Zikawa nguzo za kimo cha kiuno. Mtu anapita katikati yake, gari halipiti.

Kijiji kilicheka. Katekista Benedict alisema zinafanana na watu waliozikwa wima. Ng'ombe wa Gidahosh, jirani mfugaji, waligundua ni mahali pazuri pa kujikuna ubavu, wakawa wanachelewa malishoni. Aliyekasirika kweli ni Theodory, maana alikuwa na ndoto ya kununua gari na kuliegesha pale mlangoni, watu walione.

"Mama Glory, kwetu kumekuwa kama mahabusu."

"Mahabusu hawagongwi na malori, Baba Glory."

Gari akanunua kweli, la mtumba, lenye kikohozi. Jumapili baada ya ibada katekista alilinyunyizia maji ya baraka mpaka kwenye injini, kisha akapanda kiti cha mbele apewe lifti. Theodory alikuwa amejifunzia udereva kwenye uwanja wa mpira, ambako hakuna kona. Wakateremka na barabara kuelekea kibandani.

Kibarazani, nyuma ya nguzo, mama yake Theodory alikuwa ameketi anachambua maharage. Fausta aliwaona wanakuja. Aliuona uso wa mumewe, mdomo wazi, akaelewa kwamba mguu umekanyaga mafuta badala ya breki. Akapiga kelele. Akageuka amkimbilie bibi yule amvute, lakini hakuwahi.

Gari lilipiga nguzo ya katikati, likakunjamana mbele, likanyamaza. Nguzo haikulala. Hata ungo wa maharage haukumwagika. Theodory akatoka na jino lililovunjika, akasimama mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unasimama huko kama mgeni? Pita."

Katekista alikuwa anapiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umebanwa na mlango.

Fausta alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikageuka kilio, akamkumbatia mama mkwe wake pamoja na ungo. Theodory akaja akaketi kando yao.

"Ningemuua mama yangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Ungemuua," Fausta akasema, akampa kitambaa afute damu mdomoni.

Gari lilivutwa kwa trekta mpaka Katesh, likauzwa kama chuma chakavu. Baada ya hapo wazee wa parokia walikuja kibandani, wakanywa chai, wakazungukazunguka, mwishowe wakatamka: mlango wa kanisa nao unatazama barabara, wanaomba nguzo kama zile. Fausta alikwenda kusimamia kazi mwenyewe, amejifunga kanga kiunoni, akimkaripia Tluway. Padre alipofika na chombo cha maji ya baraka, Fausta akamwambia asogee pembeni kwanza, zege bado bichi.