Mwalimu Aliyepewa Pole Shambani Kwake

Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, mume wangu alirudi kutoka kazini na habari kwamba kwenye njia ya kwenda Matai kuna mwalimu mstaafu mwenye shamba la mapichesi, na kwamba anawaruhusu watu waingie wachume wenyewe. Unafika getini, unapewa ndoo, unachuma unayoyataka, na ndoo inapimwa wakati wa kutoka. Wenzake wa ofisini walikuwa wamekwisha kwenda. Picha zao, kila mtu kashika pichesi moja karibu na shavu, zilikuwa zimezunguka kwenye simu zetu zote.

"Twende na mama," nikasema.

Mama anaishi kijijini, kama nusu saa kutoka kwetu Chanji, mjini. Ana miaka sabini na kitu na sijawahi kumwona akipumzika kwa hiari yake. Nilidhani matembezi yatamfaa. Nikampigia simu. Kwake mtandao unashika ukisimama karibu na banda la nguruwe, kwa hiyo maongezi yetu huwa mafupi, na nguruwe nao huchangia.

"Mama, Jumamosi tutakupitia. Tunakwenda shambani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Matunda yameiva, tunakwenda kuchuma."

"Yeye mwenyewe hachumi?"

"Hachumi. Watu ndio wanakwenda kuchuma."

Nguruwe wakapiga kelele kidogo. Kisha nikamsikia mama akisema, "Maskini. Nitakuwa tayari saa moja asubuhi." Simu ikakatika. Lile neno maskini nilidhani anamwambia nguruwe.

Jumamosi tulimkuta kando ya barabara. Mume wangu alikuwa amevaa raba nyeupe mpya, mimi nimesuka, na binti zetu wawili walikuwa na magauni ya Krismasi. Mama alikuwa amevaa mabuti ya mpira na kitenge cha shambani. Mkono mmoja alishika mfuko wa unga wa ulezi, mwingine jogoo aliyefungwa miguu.

"Jogoo wa nini, mama?" mume wangu akauliza. Gari lilikuwa la kuazima.

"Utaendaje kwa mtu mikono mitupu, baba?"

Jogoo akawekwa chini, miguuni pa watoto, na kabla hatujafika alikuwa ameshaacha alama yake kwenye raba moja iliyokuwa imevuliwa ili isichafuke.

Mwalimu alitupokea getini. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kidogo, mnene, mwenye kofia pana na sauti iliyozoea darasa la watu tisini. Alimwamkia mama kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Mama akaushika mkono wake kwa mikono miwili, asiuachie. "Pole. Pole sana."

"Ahsante, mama. Pole ya nini?"

"Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

Mama akashusha sauti. "Usijali. Hatukuja kuuliza maswali. Tumekuja kuchuma."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kijijini kwetu watu wakienda kumvunia mtu shamba lake, mtu huyo ni mgonjwa wa kitandani au ana msiba. Hakuna sababu ya tatu. Nilipaswa kusema kitu palepale, lakini kicheko kilinibana. Nikainama kumfunga binti yangu kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Mume wangu aligeuka akatazama milima.

Mama akamkabidhi jogoo, akamkabidhi na unga. "Huu upikiwe uji mwepesi, asubuhi na jioni. Utarudisha nguvu."

Nadhani hakuna mteja aliyewahi kumletea mwalimu jogoo. Alimbana kwapani, akakohoa, akaanza kutusomea masharti. Sharti la kwanza, hakuna kupanda miti. La pili, hakuna kutikisa. "La tatu, kuonja ni mawili tu kwa kila mtu," akasema, na jogoo akawika. Binti yangu mdogo akauliza kama na jogoo anaruhusiwa mawili.

Tukaingia. Miti ilikuwa mifupi, imezaa mpaka matawi yameinama, na harufu yake ilikuwa tamu kiasi kwamba watoto walimaliza mawili yao kabla hatujafika mstari wa kwanza. Walikuwepo watu wengine. Kulikuwa na wachumba waliokuja na mpiga picha, bibi harusi mtarajiwa akiwa na gauni la njano linaloburura majani. Kulikuwa pia na mfugaji mmoja, wa zile familia zilizohamia Rukwa na ng'ombe zao kutoka Shinyanga, na mke wake na watoto kama sita.

Mama alisimama akawatazama. Watu walichuma moja hapa, wakacheka, wakapiga picha, wakachuma moja kule.

"Hivi ndivyo mnavyomsaidia mtu?" akasema, kwa sauti ya kanisani ile inayofika mpaka nyuma.

Akaanza na bibi harusi. "Binti, pichesi moja unalishika kwa mikono miwili? Kesho ukipewa jungu utalishikaje? Shika hii ndoo." Binti akaishika. Mchumba wake alipofungua mdomo akapewa beseni. Mpiga picha alijaribu kueleza kwamba yeye yuko kazini. Mama akamwambia vizuri sana, kazi yenyewe ndiyo hii. Dakika kumi baadaye tulikuwa kwenye mstari, kila watu wawili na mti wao. Yaliyoiva sana kwenye beseni, yaliyoiva nusu kwenye kreti, na yaliyoanguka pembeni. Mabeseni na makreti aliyatoa kwenye kibanda cha mwalimu bila kumwuliza mtu. Mume wangu alipangiwa mtaro wenye tope. Raba zote mbili sasa zikafanana.

Mfugaji alimsogelea mama. "Mama, kwani mwenye shamba ana nini?"

"Hajasema," mama akajibu. "Wanaume hawasemi."

Mfugaji akavua kofia. Akatembea taratibu mpaka getini, nikamwona anampa mwalimu mkono, anamtikisia kichwa. Baadaye nilisikia kwamba alimwahidi maziwa kila asubuhi mpaka apate nafuu. Mke wake akamfuata. Akafuata mpiga picha. Bibi harusi alikwenda akarudi anafuta machozi, sijui alikuwa anamlilia nani. Kila nikichungulia getini, namwona mwalimu kabadilika kidogo. Mwanzoni alikuwa amesimama. Kisha alikaa. Kisha niliona kajigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayejipima homa.

Ikabidi nimwendee mama.

"Mama, yule mzee haumwi. Hii ni biashara. Watu wanakuja kuchuma, halafu wanalipa."

Aliendelea kuchuma. "Wanamlipa nani?"

"Wanamlipa mwalimu."

"Wanamvunia, halafu wanamlipa?"

"Ndiyo."

Akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. "Mwanangu, nani alipe ili amvunie mtu mzima mwenye afya? Amewaambia hivyo ili msijue. Sogeza hilo kreti."

Saa saba mchana mvua ilikuwa inajikusanya upande wa ziwa, na miti yote ya upande wa juu ilikuwa imebaki majani matupu. Makreti na mabeseni yalipangwa getini safu kwa safu. Mwalimu alikuja kuyatazama. Alikuja akichechemea.

"Ni goti?" mama akauliza.

Mwalimu alitutazama sisi wote, watu wazima na watoto, tumelowa jasho, tuna manyoya ya mapichesi shingoni na tunajikuna.

"La kushoto," akasema.

Akakaa kwenye kreti, akatueleza. Goti lilianza kumsumbua tangu alipostaafu, na sasa hawezi kuinama wala kusimama muda mrefu. Mke wake alikuwa Dodoma akilea wajukuu. Vibarua wa kuchuma hawakupatikana, kila mtu msimu huu yuko kwenye mahindi yake. Mwaka uliotangulia nusu ya matunda ilioza chini ya miti huku yeye anaitazama kutoka kitini. Binti yake ndiye aliyemshauri kwa simu awaite watu wachume wenyewe. "Sikutaka kumwambia mtu kwamba nimeshindwa shamba langu," akasema. "Nikasema ni utaratibu wa kisasa."

Mama akageuka akanitazama.

Mwalimu alikataa kupima ndoo zetu, wala za mtu mwingine yeyote. Mume wangu, kwa kuwa anawajua watu sokoni, alimpigia simu mfanyabiashara mmoja wa matunda, naye akaja na pikapu akayanunua makreti kabla mvua haijashuka. Wachumba waliondoka bila picha hata moja ya maana, ila moja tu, ambayo baadaye walinitumia: wamebeba beseni pamoja, wote wawili wamefumba macho, na nyuma yao mama yangu kanyoosha kidole. Sisi tulirudi na mapichesi ya kutosha ukoo mzima. Binti zangu, ambao waliliheshimu sharti la tatu mpaka mama alipowapa kisogo, hawakwenda shule Jumatatu.

Wiki iliyofuata mwalimu alinipigia. Maziwa yalikuwa yanakuja kila siku, na yeye hakujua amwambieje mfugaji ayapunguze. Lakini hasa alitaka kujua kama mama angekuja tena, maana miti ya upande wa bondeni ilikuwa inaanza kuiva, na wageni wapya walikuwa wanachuma moja moja.

Nilimfikishia mama ujumbe. Nguruwe walikuwa kimya siku hiyo.

"Mwambie napalilia," akasema. "Shamba la mahindi limenizidi. Kama ana nafasi, aje yeye. Kwangu hakuna kupima ndoo."

Nilimwambia mwalimu kwa kucheka, kama utani. Alhamisi alikuja, kwa bodaboda, na kofia yake pana, na jembe lake mwenyewe limefungwa kwenye kiti kwa mpira. Mama alimwekea kigoda kwenye mwanzo wa tuta ili alipumzishe goti kila akichoka, akamwacha. Alipalilia kutwa nzima, akimweleza mama nafasi inayotakiwa kati ya shina na shina. Alimaliza matuta mawili na robo. Kwenye ile robo aling'oa na mahindi manne, na mama aliyaona, akayafunika kwa majani, akamwita mwalimu aje ale.