Kisu Mfukoni kwa Wakwe

Leo nimeenda kuomba bibi na kisu imefunguka mfukoni.

Ni ile ya kukunja, ya springi. Ukiisukuma kidogo inamalizia yenyewe. Niliibeba ya kuchinjia mbuzi za ntheo, zile tunapelekea wakwe ndio uchumba utambulike. Mwanaume ataanzaje kuomba kisu ugenini?

Basi tuko Mbumbuni, kwa kina Mwende. Pasta anaomba. Simu yangu inaanza kulia. Naingiza mkono mfukoni haraka niizime.

Cha!

Ncha imetokea kwa suti. Suti ya kuazima.

Watu wote wamefungua macho isipokuwa pasta.

Mjomba wa Mwende ni polisi mstaafu. Akangoja "Amina" na heshima zote, halafu akaniuliza, "Kijana, umekuja kuomba msichana ama kumchukua?"

Nikamwambia ni ya mbuzi.

"Ya mbuzi inakaa chini ya begi, imefungwa na kitambaa. Ya mfukoni, mbele ya watu, hiyo unaelezea hakimu."

Baba Mwende akatoa hukumu: niongeze mbuzi mmoja, na kisu ibaki kwake.

Nikakubali. Ungefanya nini?

Saa hii nimekaa nje na leso ya shangazi kiunoni, suruali inashonwa. Nyuma ya zizi nasikia baba mkwe.

Cha!

Anaifunga.

Cha!

Anaifunga.

Sasa anauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ako na plasta.

Niko nayo kwa begi. Nimpe, ama kwanza tuongee mambo ya huyo mbuzi?