Pumzi ya Mwinyimvua

Mtu akikwambia wanawake wa Bagamoyo wa zamani hawakujua jazi, mwambie akasukutue kwanza. Mwanamkasi binti Mtoro hakukanyaga ukumbi wa dansi hata siku moja. Lakini ungemkalisha uani na ukili wake mkononi, ukampigia santuri tatu za tarumbeta asizopata kuzisikia, angekwambia hizi mbili kapiga mtu mmoja, na huyu wa tatu ni mtu mzima, meno yameanza kumtoka. Alijulia wapi? Kwa mumewe. Na mumewe ndiye aliyemtia kidonda.

Alizaliwa Mlingotini, akaolewa mjini na Mwinyimvua, fundi cherehani, mtu mpole asiyejua kugombana hata na inzi. Vita vikaja, Mwinyimvua akachukuliwa askari, akapelekwa Bama, ng'ambo ya Bara Hindi. Alirudi mwaka arobaini na sita na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, santuri sita za jazi za Wamarekani weusi, tarumbeta aliyoinunua kwa askari mwenziwe, na kikohozi. Gramafoni tuliishangaa, tarumbeta tuliishangilia. Kikohozi nani alikijali? Kila aliyetoka Bama alikuwa na chake.

Basi akajiunga na bendi ya Husseni, mpiga banjo, rafiki yake tangu chuo cha Kurani. Kila Jumamosi walipiga dansi, na watu walitoka hadi Mapinga kuja kusikia. Mwanamkasi alibaki nyumbani. Mke wa mtu na dansi, wapi na wapi! Mkwewe, Bi Sihaba, aliyekuwa akikaa nao, asingekubali, na kusema kweli Mwanamkasi mwenyewe angeona haya. Alichopata yeye ni mazoezi ya alasiri, uani, mumewe amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mdomo wa tarumbeta ameusindilia kitambaa ili majirani wasije wakamshitaki kwa shehe. Miaka mitatu alimsikia mume wake kupitia kitambaa.

Lakini masikio alimfungua. Wakati mke akisuka ukili, yeye huweka santuri na kumweleza.

"Usiifuate sauti, Mwanamkasi. Sauti ni ya shaba, kila mtu anayo. Fuata pumzi. Pumzi ndiyo mtu mwenyewe."

"Nitaisikiaje pumzi, bwana, na mtu yuko Marekani?"

"Ngoja. Anataka kupanda huyo. Umesikia? Kanyamaza kidogo. Hapo kavuta. Ni mzee huyu, hana haraka, anajua hewa itamfikisha. Sasa nitakuwekea kijana, uone anavyokimbia."

Na kweli, siku ya kwanza hakusikia kitu. Mwezi wa pili alianza kusikia. Mwaka haukwisha, akawa anamsahihisha mumewe, na Mwinyimvua anacheka mpaka anakohoa. Sindano za chuma zilikuwa adimu, tena zinakula santuri, kwa hiyo Mwanamkasi alikwenda mwenyewe kukata miiba ya mchongoma, akaikausha juani na kuichonga ncha kwa kisu. Mwiba ni mpole, unapita kwenye santuri bila kuikwaruza.

Pumzi ya mumewe ndiyo aliyoijua kuliko zote. Kila alipotaka kupanda juu, Mwinyimvua alivuta mara mbili: moja fupi, ya kuiba, kisha moja ndefu. Kifua chake hakikumruhusu kufanya vingine. Watu wa dansi hawakuitambua, kwa makelele yao. Mwanamkasi angeitambua hata usingizini.

Mwaka arobaini na tisa zikaja habari kwamba Wazungu wenye mashine ya kunasa sauti wamefika Dar es Salaam, na bendi ya Husseni imeitwa. Loo, nyumba nzima ilichangamka! Mwanamkasi alimpigia mumewe pasi kanzu nyeupe, akamwambia neno moja tu.

"Mimi dansini siji, na wewe unajua. Basi nitakusikia kwenye santuri. Bila kitambaa."

"Bila kitambaa," akaitika Mwinyimvua. "Nakuahidi."

Wakapanda lori. Siku ya tatu akarudi amekonda, macho yanang'aa, anacheka peke yake. Alimsimulia mkewe kila kitu: chumba kilivyotandikwa mablanketi ukutani, Mzungu alivyoinua kidole, na jinsi yeye alivyopanda juu mpaka Mzungu akavua kofia.

"Nimepiga, Mwanamkasi! Nimepiga siku hiyo!"

"Rudia hapo pa kofia," akasema Mwanamkasi, naye akarudia.

Santuri zilipelekwa kutengenezwa Ulaya, zingechukua miezi. Mwinyimvua hakuishika tena tarumbeta. Alisema anapumzika. Baada ya muda akampa Pazi, kijana wa bendi aliyekuwa akimfundisha, na Mwanamkasi alipouliza akajibiwa kwamba atanunua nyingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Damu ilipoonekana kwenye mto ndipo alipokubali kupelekwa hospitali, nako alikaa siku tisa tu. Tulimzika baada ya sala ya adhuhuri, na santuri bado iko Ulaya.

Mwanamkasi akaingia eda. Mwezi wa pili wa eda yake, santuri ikafika. Husseni aliileta imefungwa karatasi, akamkabidhi Bi Sihaba mlangoni, hakukaa hata kunywa maji. Bi Sihaba aliichukua kwa mikono miwili, akamwambia mkamwana wake, "Mwanangu, nyumba ya msiba haipigwi ala. Miezi minne na siku kumi. Ikitimia, tutamsikia sote." Akaitia sandukuni, chini ya kanga.

Sasa wewe fikiri. Mumeo yumo sandukuni, hatua tatu kutoka kitandani kwako, na huruhusiwi kumsikia. Mwanamkasi alikuwa akilitoa lile dude jeusi, akalipitishia kidole taratibu, akatafuta kwa ngozi ya kidole mahali mumewe anapopanda. "Yumo humu," alijiambia. "Bila kitambaa." Hilo tu ndilo lililomwinua kila asubuhi. Hakuwa na mtoto, hakuwa na picha, tarumbeta imetolewa. Alikuwa na santuri hiyo moja.

Eda ikaisha siku ya Alhamisi. Akaogeshwa, akafukizwa udi, akavaa nguo mpya. Alasiri majirani wa kike walijaa uani. Husseni na Pazi waliitwa nao, wakakaa barazani, mlango wazi. Gramafoni iliwekwa kizingitini. Mwanamkasi aliizungusha mwenyewe, akachagua mwiba, akauchonga. Akasema bismillahi, akauteremsha.

Banjo ya Husseni ilianza, ikacheza kidogo. Kisha tarumbeta ikaingia, wazi, kali, tamu. Wanawake wakashusha pumzi kwa pamoja. Mwanamkasi alifumba macho, akangoja.

Tarumbeta ikaanza kupanda. Akasubiri ile pumzi fupi, ya kuiba. Haikuja. Ilikuja moja tu, nzito, yenye afya, na sauti ikapaa juu bila kuyumba. Alidhani amekosea. Ikapanda mara ya pili, vile vile. Mara ya tatu moyo wake ukamwambia wazi kwamba huyu siye. Huyu ana mapafu mazima. Huyu ni kijana.

Akafumbua macho, akamtazama Pazi mle barazani. Pazi alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Mwenzangu, usiombe kuwa yeye wakati ule. Akili ilimrudishia maneno yote, chumba cha mablanketi, kidole cha Mzungu, kofia, akaona kwamba alidanganywa, tena kwa kicheko, na aliyemdanganya yuko kaburini hawezi hata kuulizwa. Alimkasirikia maiti. Alitaka kuinuka aikamate ile santuri aivunje gotini.

Hapo Bi Sihaba akaangua kilio. "Mwanangu! Msikieni mwanangu!" Na wanawake wote wakalia naye, wengine wakasema, "Allah amrehemu, alikuwa fundi!" Kisha wakamgeukia mjane, wanangoja neno lake.

Wimbo ulikuwa umekwisha. Mwiba ulikuwa bado unazunguka kwenye kile kipande cha mwisho ambacho hakina kitu, shhh, shhh. Ndipo ilipotoka. Kwa mbali, nyuma kabisa ya chumba kile cha Dar es Salaam, mtu alikohoa. Mara moja kavu, kisha mara mbili zilizozibwa kwa kitambaa. Hakuna mwingine aliyesikia, kwa vilio. Lakini Mwanamkasi alilala ubavuni mwa kikohozi kile miaka mitatu.

"Ndiye," akasema, machozi yanamchuruzika. "Ndiye, mama. Ndiye mwanao."

Kesho yake asubuhi Husseni akabisha hodi, kofia mkononi, uso umemshuka.

"Shemeji, sikulala. Kuna jambo."

"Nalijua, shemeji. Ni Pazi."

Husseni akakaa chini kwenye kizingiti. Akamweleza yote. Mwinyimvua alijaribu mara mbili, na mara mbili kifua kikamkata katikati, sahani za kunasia sauti zikaharibika. Mzungu akasema imebaki moja tu. Mwinyimvua mwenyewe ndiye aliyemkabidhi Pazi tarumbeta, akaenda kukaa pembeni na kitambaa mdomoni asije akaharibu na hiyo. Alijizuia mpaka noti ya mwisho. Kwenye lori la kurudi akawaapisha wote: mke wangu asijue, nilimwahidi.

"Tumekukosea, shemeji. Tusamehe."

"Pazi anapiga vizuri," akasema Mwanamkasi. "Kwa haki ya Mungu, anapiga kuliko mume wangu. Mwambie nimesema, asije akakaa na aibu. Lakini mama mkwe asiambiwe kamwe. Ameshamsikia mwanawe, imetosha."

"Na wewe je?"

"Mimi nimemsikia pia. Wewe hukusikiliza mpaka mwisho."

Hakumfafanulia. Siri ya mtungi aijua kata.

Bi Sihaba hakutaka santuri ile ipigwe tena, alisema moyo wake hautastahimili mara ya pili. Kwa hiyo ikabaki mali ya Mwanamkasi peke yake. Kila Alhamisi alasiri, mkwewe anapokwenda kwa majirani, aliitoa, akauweka mwiba si mwanzoni bali kule ndani, karibu na karatasi ya katikati, wimbo unapomalizikia. Noti moja ya Pazi, kimya, kisha kikohozi. Anainua mkono wa gramafoni, anaurudisha. Mara nyingine alimgombeza: "Mwongo wewe! Ungeniambia, ningekuacha?" Mara nyingine alisuka tu, akalia. Wachumba walikuja wawili, mmoja mwenye minazi mingi Fukayosi. Aliwakataa wote, na watu wakasema ana kiburi.

Mwiba ni mpole, lakini upole nao una kikomo. Miaka ikapita. Santuri ile ungeiona ungecheka: karibu yote ni nyeusi inameta kama imetoka dukani jana, ila upana wa kidole kimoja kule ndani umepauka, umekuwa kijivu. Kikohozi kikaanza kufifia. Cha tatu kilitangulia kupotea, kisha cha pili. Mwanamkasi alisogeza sikio karibu zaidi, akachonga miiba myembamba zaidi, akapunguza akawa anamsikia mara moja kwa mwezi.

Mwaka hamsini na saba, Alhamisi moja ya Shaabani, Bi Sihaba alirudi mapema akamkuta mkamwana wake ameinamia gramafoni, mwiba unazunguka, shhh, shhh, mpaka ukagota. Mwanamkasi hakuurudisha. Uso wake ulikuwa umelowa machozi.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama," akasema. "Leo hakukohoa."